Duka la pembejeo Mgandini, hawa angalau wanageuza jani

Wenye vibustani hapa Tanga sikieni. Bamia zangu kule Pongwe zilianza kuwa njano pembeni ya majani, mara kingo zikajikunja kwa juu, mara zikakauka rangi ya kahawia utadhani zimepitiwa na moto, na maji namwagilia kila siku. Duka la kwanza (silitaji) kijana hata jani hakuomba kuliona, nikamwelezea tu akasema huo ukungu broo, akanipa dawa ya ukungu, nikapiga wiki mbili hela imeenda na bamia zinazidi kuungua.

Ndo nikaja hapa, kaduka kadogo jirani na soko la Mgandini, nimebeba tawi kwenye mfuko. Shikamoo mama, marahaba, akalipokea akageuza jani, akasema mwanangu njoo uone. Kumbe chini kule kuna vidudu vya kijani kibichi vyembamba, ukivisogelea vinakimbia kiubavuubavu kama kaa, vyenye mbawa vinaruka. Wanaviita jasidi. Vinachoma mdomo kwenye jani vinafyonza utomvu wake, na mate yao yanaharibu mishipa, ndo maana kingo zinaungua wakati udongo umelowa. Akanambia wapo ndugu zao wanaoeneza ule ugonjwa wa milia kwenye mahindi, na huo mmea ukishaupata dawa haiuponyi, utafute mbegu inayovumilia.

Nikachukua mafuta ya mwarobaini na zile karatasi za njano za gundi. Mafuta hayaui papo hapo, kwahiyo usiamke asubuhi ukategemea kuona maiti. Changanya na sabuni ya maji kidogo yashike, piga jioni, na upige CHINI ya jani. Mayai wanayataga ndani ya jani lenyewe dawa haiyafikii, so baada ya wiki unarudia, mimi nimerudia mara tatu. Majani mapya yametoka safi, yaliyoungua ndo basi tena. Karatasi sikuzipenda, zinanasa wenye mbawa tu, watoto wanabaki kufyonza, halafu vumbi likishika gundi kwisha kazi.

Kanishauri pia nipande bamia zenye vinyweleo, jasidi hawazipendi. Wife nae hazipendi, anasema zinamuwasha mikono.

Nyota nne. Ya tano nimeibana kwasababu saa saba wanafunga kula na kuswali, wanarudi wakijisikia, nimekaa juani na baiskeli yangu karibu saa nzima.