Uzoefu wangu wa kununua nguo mtandaoni: modo ana sm 175, mimi nina sm 160

Ninanunua nguo mtandaoni nikiwa Dar es Salaam kwa njia tatu: programu kubwa za nje, maduka ya Instagram na WhatsApp ya hapa nyumbani, na wauza mabuibui wa Dubai na Muscat. Tathmini hii si ya duka fulani. Ninatathmini picha, yaani yule modo (mwanamitindo) aliyevalishwa nguo, kwa sababu yeye ndiye anayetushawishi kulipa na yeye ndiye anayetuponza. Vipimo vyangu ni hivi, ili kila msomaji ajilinganishe: urefu sm 160, kifua 98, kiuno 80, hipsi 114, mkono wa juu 34. Ukiagiza kutoka nje ukiwa Tanzania, kurudisha nguo ni jambo la kusikia tu, maana gharama ya kurudisha mzigo mara nyingi inazidi bei ya gauni lenyewe. Kwa hiyo lazima upatie mara ya kwanza.

Watu wengi hulalamika kwamba wanamitindo ni wembamba. Kwangu wembamba si tatizo kubwa, kwa kuwa saizi kubwa zipo. Tatizo ni umbo. Jedwali nyingi za saizi za Ulaya na China zimechorwa kwa mwanamke ambaye hipsi zake zinazidi kiuno kwa sm 24 hadi 26 hivi. Mimi zinazidi kwa sm 34, na si mimi peke yangu. Simama kituo cha daladala chochote utatuona. Piga hesabu: saizi yenye kiuno cha 80 inakuja na hipsi za 104 au 106, haipandi. Saizi yenye hipsi za 114 inakuja na kiuno cha 90, kinapwaya sm 10 na suruali inaachia mgongoni kila ukiinama. Modo wa pichani, awe mwembamba au mnene, tofauti yake ya kiuno na hipsi ndiyo hiyohiyo ya jedwali, ndiyo maana kwake nguo inakaa kama imemwagiwa. Kabla ya kuangalia kitu kingine, jua tofauti yako wewe. Ikizidi sm 30, kwa suruali na sketi ya kubana chagua saizi kwa hipsi na uhesabu kabisa fedha ya fundi wa kupunguza kiuno.

Usifanye kinyume chake. Nguo ya kiwandani imeshonwa kwa ovaloki, mashine inayoshona huku ikikata ukingo, na kitambaa kilichobaki ndani ya mshono ni kama sm 1 tu. Fundi wa mtaani akikushonea gauni anakuachia akiba ya sm 2 au zaidi, siku ukinenepa anafungua. Ya kiwandani haina cha kufungua. Kupunguza kunawezekana, kuongeza hakuna.

Sasa urefu, ambao picha inaudanganya zaidi kuliko upana. Wanamitindo wa kike wengi wana sm 173 hadi 180, na maduka yenye ustaarabu huandika chini ya picha: mwanamitindo ana futi 5 na inchi 9, amevaa saizi S. Maandishi hayo madogo yana thamani kuliko picha zote sita. Futi 5 na inchi 9 ni sm 175, tofauti na mimi ni sm 15, lakini sm 15 hizo haziendi zote kwenye gauni. Kutoka begani hadi gotini ni zaidi kidogo ya nusu ya urefu wa mtu, kwa hiyo gauni linaloishia gotini kwake kwangu litashuka kama sm 8 chini ya goti. Gauni refu la kufika kwenye kifundo cha mguu litazidi kama sm 12, yaani litaburuzwa. Suruali itazidi kama sm 7. Angalia na viatu pia: kama modo amevaa kisigino cha sm 10 na pindo bado linagusa sakafu, ongeza hizo 10 kwenye hesabu.

Pindo hukatwa, hilo ni dogo. Kinachoudhi ni mshono wa kiuno. Kwa tofauti hiyohiyo ya sm 15, mshono uliokaa sawasawa kwenye kiuno cha modo kwangu unaangukia kama sm 3 chini, pale ambapo hipsi zimeanza kutanuka. Hapo nguo inabana, inajisukuma yenyewe kwenda juu, na kitambaa kinajikusanya mikunjo kwenye mgongo wa chini. Ukijitazama kwenye kioo unadhani gauni ni dogo, unaagiza saizi kubwa zaidi, na mikunjo inabaki palepale kwa sababu hukuwa na tatizo la upana. Kwa magauni yenye mshono kiunoni ninanunua saizi za watu wafupi, zile zinazoandikwa "petite", ambazo kwa kawaida hukatiwa watu wasiozidi futi 5 na inchi 3 au 4. Kama hazipo, ninachukua gauni lisilo na mshono wa kiuno, au lenye mkanda wa kufunga mwenyewe.

Na kuna makalio. Gauni lililonyooka lisilo na mshono linapopita juu ya makalio hula kitambaa, pindo la nyuma linapanda sm 3 hadi 5 kuliko la mbele. Modo hana tatizo hilo, hivyo picha haiwezi kukuonya. Kwa vigauni vifupi ninapima urefu kwa nyuma, kutoka shingoni kupitia makalioni hadi ninapotaka pindo liishie, ndipo ninalinganisha na urefu wa nguo ulioandikwa. Kumbuka pia kwamba kiwanda hutengeneza sampuli ya saizi moja, halafu hupanua saizi nyingine kwa sm 4 hadi 6 kila hatua. Upana unaongezeka hivyo, lakini urefu unaongezeka sm 1 hivi, au hauongezeki kabisa. Ndiyo sababu XL mara nyingi humpanda mvaaji kuliko S inavyompanda modo.

Kuna ujanja wa studio ambao kila mnunuzi anapaswa kuujua: nguo inayopwaya hubanwa mgongoni kwa vibanio au pini ili mbele ionekane imekaa mwilini. Dalili zake ni mikunjo midogo ubavuni inayoelekea nyuma, na kukosekana kabisa kwa picha ya mgongo. Mkono uliowekwa kiunoni katika kila picha nao unaficha kitu. Nywele ndefu zilizomwagwa juu ya zipu, hali kadhalika. Ufaransa tangu Oktoba 2017 picha za matangazo zilizochezewa kwa kompyuta kubadili umbo la mwanamitindo lazima ziandikwe hivyo, na Norway ina sheria yake tangu Julai 2022. Ni jambo jema, ila sheria hizo zinalenga mwili uliochezewa. Gauni lililobanwa na vibanio vinne kwa nyuma linapita salama.

Wanamitindo wanene wamesaidia? Kidogo. Angalau naona kitambaa kinavyokaa juu ya tumbo na mkono mnene. Lakini mwanamitindo mnene wa kwenye programu naye kwa kawaida ana sm 175 na zaidi, kiuno kimeingia vizuri, tumbo limetulia, na ni desturi inayojulikana kwenye kazi hiyo kuvaa sponji za kujazia hipsi na kifua pale nguo inapozidi mwili wake. Kwa hiyo ni umbo lilelile la jedwali, limekuzwa tu. Duka linaloonyesha gauni moja kwa watu wawili, mmoja S na mwingine XXL, wote warefu, ninalipatia alama 3 kati ya 5. Lingeweka mmoja wa sm 158 ningelipatia 5.

Zana za kuchagua mwanamitindo anayefanana nawe ni hatua nzuri zaidi. ASOS, duka la mtandaoni la Uingereza, walijaribu hivyo mwaka 2020 kwa teknolojia ya Zeekit, kampuni ya kuvalisha watu nguo pichani kwa kompyuta, wakionyesha gauni moja kwa wanamitindo 16. Walmart, kampuni ya maduka makubwa ya Marekani, wakainunua Zeekit mwaka 2021, na 2022 wakawapa wateja wao wa Marekani wanamitindo 50 wa kuchagua, kuanzia futi 5 na inchi 2 hadi futi 6. Faida yake ni kwamba unaona rangi na urefu wa pindo kwa mtu wa kimo chako. Kasoro yake ni kwamba kompyuta inachora nguo juu ya mwili. Haikuambii kama zipu itafunga. Picha za wanamitindo waliotengenezwa na akili unde (AI) ni mbaya zaidi, kwa sababu hakuna nguo iliyovaliwa na mtu yeyote. Zinajulikana: kitambaa hakina mkunjo kwenye kiwiko, maua ya kitambaa yanavuka mshono bila kukatika, vifungo havilingani na matundu yake. Nikiona hivyo, ninachukulia kwamba sijaona picha.

Kinachoniokoa ni picha za wateja, na hizi nazipa 5 bila kusita, zikisomwa vizuri. Baadhi ya programu humruhusu mteja aandike kimo, kifua, kiuno, hipsi na saizi aliyonunua. Mimi siangalii nyota. Ninatafuta mtu mmoja ambaye hipsi zake hazipishani na zangu kwa zaidi ya sm 3 na kimo chake kwa zaidi ya sm 5, halafu nasoma alichosema yeye tu. Maoni ya mwenye sm 178 anayesema "gauni fupi mno" kwangu ni habari njema. Tahadhari moja: simu ikishikwa chini, usawa wa kiuno, mbele ya kioo, miguu hurefuka pichani.

Jedwali lenyewe lina mtego. Nyingine zinatoa vipimo vya mwili, nyingine vya nguo, na ukichanganya unakosea kwa sm 6 hadi 10. Ukiona kuna upana wa bega, urefu wa mkono na urefu wa jumla, hivyo ni vipimo vya nguo. Hapo kwa kitambaa kisichovutika, nguo izidi mwili: kifuani sm 6 hadi 8, kiunoni 4, hipsini angalau 5, na mkono wa juu 4 au 5. Kwangu ina maana hipsi za nguo ziwe 119 kwenda juu na mkono usipungue 38. Kitambaa chenye spandeksi (uzi unaovutika) ya asilimia 5 kinaweza kuwa sawa na mwili au pungufu kidogo. Suruali ya jinzi iliyoandikwa pamba asilimia 100 haina huruma, hata kama modo amechuchumaa nayo akicheka. Na jedwali linalopanga saizi kwa kilo za mwili, ambalo ni la kawaida kwa bidhaa za China, liruke tu. Kilo 70 hazisemi zimekaa wapi.

Kwa wauzaji wa Instagram wa hapa kwetu, picha mara nyingi si yao. Wameitoa kwa msambazaji au wameiokota Pinterest, mtandao wa picha. Usibishane, omba vipimo. Ujumbe wangu huwa hivi: "Habari dada, naomba hilo gauni la kijani ulilaze mezani, unipigie picha tepu ikiwa juu yake: kwapa hadi kwapa, kiuno, sehemu pana ya hipsi, na urefu kutoka begani. Na mkono upana wake chini ya kwapa." Upana wa nguo iliyolazwa unauzidisha kwa mbili. Muuzaji akijibu "inakuja free size mpenzi, inavutika", mwulize inavutika hadi sm ngapi. Asiyekuwa na mzigo mkononi hawezi kujibu, na hiyo yenyewe ni taarifa. Usilipe kabla ya picha ya tepu, hata kama anakwambia zimebaki mbili.

Buibui za Ghuba ndizo zinazonisumbua kidogo kuliko zote, kwa sababu moja rahisi: zinauzwa kwa urefu. Namba 52, 54, 56, 58 ni inchi kutoka begani hadi pindoni. Kwa sm 160 ninavaa 54 na viatu vya chini, 56 nikivaa kisigino. Picha inaweza kuwa na modo wa umbo lolote, haininyimi usingizi. Isipokuwa zile za mtindo wa kubana kiuno. Hizo uliza upana wa hipsi kama gauni lolote.

Mzigo ukifika, usikate lebo kwanza. Vaa na sidiria utakayoivaa nayo, funga zipu, kisha keti, maana hipsi zinatanuka sm 3 hadi 4 ukiketi na modo hakuwahi kupigwa picha akiwa kwenye daladala. Nyanyua mikono yote miwili. Kwa shati la vifungo, tazama kifua kwa upande kama kuna mwanya kati ya kifungo na kifungo. Ukiwepo, fundi aongeze kifungo kidogo cha kubana kwa ndani katikati yake, kazi ya dakika chache. Pindo lisikatwe kabla nguo ya pamba au viskosi haijafuliwa mara moja, kwa sababu hurudi, yaani hupungua urefu, na ukishakata hakuna wa kukurudishia.