Gulio la sarafu Plaza Mayor, Madrid: ulizia bati la chini ya meza

Nyota 4 kati ya 5.

Kila Jumapili asubuhi wauza stempu na sarafu hutandika meza zao chini ya baraza za Plaza Mayor. Wengi wetu huishia kwenye visanduku vya kioo, palipo na fedha inayong'aa. Mimi huomba bati la biskuti la chini ya meza. Humo mna shaba tupu, zilizofuliwa kwa nyundo na kukatwa ovyo, hata moja haiko duara.

Maravedi, sarafu ndogo za zamani za Uhispania, za karne ya 17 nilizipata kwa yuro 3 hadi 5 moja. Usizidharau. Mwaka 1603 mfalme wa Uhispania, Felipe wa 3, aliamuru sarafu ya maravedi 4 igongwe VIII, ihesabiwe 8. Shaba ile ile! Mwanawe Felipe wa 4 naye akaurudia mchezo huo. Ninayo moja ambayo mihuri imepandana hadi huwezi kujua mara ya mwisho ilihesabiwa maravedi ngapi.

Niliyokuwa nikiiwinda lakini ni ya Santo Domingo, sarafu ya maravedi 4 iliyoanza kufuliwa huko Karibi mwaka 1542 kwa jina la mfalme Carlos na mama yake Juana. Upande mmoja herufi Y yenye taji, upande wa pili nguzo mbili za Hercules. Mzee muuzaji, miwani miwili shingoni, akaniuliza naona nini pale. Nikamwambia, mizinga ya vita. Akacheka sana. Ikabidi nimweleze kwamba kwetu Unguja reale ya fedha ya Kihispania, ile yenye nguzo, wazee wakiiita reale ya mzinga, na hilo neno reale lenyewe limetoka huku kwao. Alianzia yuro 25, tukamalizana 18. Katika mizinga yangu mmoja umefutika nusu, na CAROLVS, yaani Carlos, imeandikwa kama na mtoto aliyesukumwa kiwiko.

Nyota moja nimeikata kwa sababu risiti hupewi mpaka ung'ang'anie. Tena kuna meza (si ya mzee wangu) niliyotajiwa yuro 60 kwa "shaba ya maharamia". Niligeuza ubavu wake nikaona mshono, na usoni vishimo vya mapovu. Ya kumiminwa hiyo, bandia, haijaonja nyundo.

Mzee alinikanya nisiioshe. Kwa ile ya kwanza nilikuwa nimeshachelewa: niliisugua kwa ndimu na jivu kama bibi alivyokuwa akisugua sinia, ikatoka nyekundu inameta, herufi zote zimekwenda na maji.

Fika kabla ya saa 4 asubuhi, saa 8 mchana wanakunja. Chukua kioo chako cha kukuzia, cha kuazima hukichafua vidole vya watu wote. Na kahawa kanywe mtaa wa nyuma, hapo uwanjani bei yake inakaribia maravedi zangu mbili.