Kupima hatari ya unene: mizani au futi ya fundi cherehani?
Watu wawili, kila mmoja kilo 95. Mizani inawaona sawa, futi inawatofautisha. Wa kwanza mafuta yamekaa mapajani na makalioni, sukari na presha ziko vizuri. Wa pili yamezunguka ini na utumbo, na mafuta ya huko hutoa kemikali zinazoiamsha kinga ya mwili hata pasipo kidudu chochote. Sukari nayo ikipanda, chembe nyeupe za damu hulegea kuua bakteria. Kisukari huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu mara 2 hadi 3! Kwangu futi ndiyo ya kuanza nayo: kiuno kikizidi sentimita 80 kwa mwanamke, 94 kwa mwanamume, kapime sukari asubuhi kabla ya chai. Mizani ifuate baadaye, maana kupunguza hata kilo 5 huisaidia insulini, homoni inayoshusha sukari, kufanya kazi.