Slaida za mawe za Prado 120 zinazochomelewa Goma: chuma ni kizuri, ufungaji ndio wa kuangaliwa

Slaida ni bomba la chuma linalofungwa kwenye shasi chini ya milango, ili jiwe lipige bomba badala ya bodi. Kwa Toyota Prado 120 inayopita kwenye mawe ya volkano kila siku, slaida hizi zinafaa kununuliwa. Kila upande una bomba jeusi la inchi 2 lenye unene wa milimita 3.6 hivi, miguu mitatu ya bomba la mraba la 50 kwa 50, na mabamba ya milimita 6 yanayobanwa kwenye shasi kwa bolti na yu-bolti (bolti zilizokunjwa kama herufi U), bila kutoboa tundu jipya. Mguu umechomelewa ukazungukwa wote, si kwa nukta nukta. Uzito ni kama kilo 25 kila upande, na bomba limeinuliwa kidogo kuelekea nje, kwa hiyo halining'inii chini ya shasi. Kasoro iko kwenye ufungaji. Zikifungwa vile vile zinavyotoka kwa mchomeleaji, haichukui muda gari linaanza kugonga ubavuni, na wenye magari wengi wanakimbilia kubadilisha shokapu ambazo hazina kosa.

Sababu iko kwenye umbo la gari lenyewe. Prado ina shasi peke yake na bodi peke yake, na kati yao kuna raba. Slaida inakaa kwenye shasi, ukingo wa bati chini ya mlango uko kwenye bodi. Gurudumu moja likiingia shimoni, bodi inashuka na kuyumba juu ya raba zake, slaida inabaki na shasi. Pengo likiwa dogo, vinakutana, na hapo unasikia pigo zito chini ya miguu. Gari lenye miaka karibu 20 huwa raba zake zimebonyea na bodi imeshuka. Ndiyo maana seti iliyopimwa kwenye Prado yenye raba nzima inaweza kugusa kwenye Prado nyingine ya aina ile ile. Angalia raba kwanza. Ikiwa zimepasuka, zibadilishwe kabla ya kugusa slaida.

Pengo la kutafuta kati ya bomba na ukingo wa bati ni milimita 20 hadi 25. Vitabu vya baadhi ya seti zinazotoka nchi za nje vinaridhika na pungufu ya hapo, lakini kwa Goma milimita 12 au 15 ni shida ya namna nyingine: vikokoto vyeusi vya barabarani vingi vina ukubwa huo huo, vinaingia na kukwama. Kikokoto kimoja kilichokwama kinagonga kama bolti iliyolegea na kinachubua rangi mpaka bati. Kwenye milimita 25 kinaingia na kuanguka chenyewe.

Kupima kwa macho gari likiwa limesimama hakutoshi. Tengeneza vibonge vya bugali (ugali) mgumu, vifunge kwa nailoni nyembamba, vibandike juu ya slaida sehemu tatu: mbele, katikati na nyuma. Pitisha gari polepole kwenye mawe, gurudumu moja juu, lingine chini. Rudi upime unene wa bugali uliobaki. Ukibaki chini ya milimita 5 mahali popote, slaida itagonga siku gari likibeba watu na mizigo. Jaribio la pili ni la jeki: inua gari kwa kushika katikati ya slaida mpaka gurudumu lianze kuwa jepesi. Bomba linapinda kidogo kuelekea bodi, na hapo pia zibaki milimita 5 au zaidi. Gari likiwa bado juu ya jiwe, fungua milango yote minne. Mlango wa nyuma ndio unaogusa mara nyingi.

Pengo la pembeni likikosekana, weka bamba la milimita 3 kati ya bamba la mguu na shasi, moja au mawili, yenye matundu yale yale. Pengo la kwenda chini likikosekana, refusha matundu ya bamba kwa faili milimita 3 au 4, si zaidi. Kama bado linagusa, mguu ukatwe na kuchomelewa upya. Usikubali fundi akunje ukingo wa bati kwa nyundo ili kupata nafasi: gundi ya mshono inapasuka, maji yanaingia, na kutu inaanzia ndani ambako huioni. Wala usijaze pengo kwa mpira au sponji. Mpira unapeleka uzito wa jiwe moja kwa moja kwenye bodi, yaani unaondoa kazi yote ya slaida, na sponji inashika tope na maji ya mvua.

Kelele inayofuata kwa wingi ni ya bolti. Kila mguu una bolti nne za M10 (unene wa milimita 10), jumla 24 kwa gari zima, na zinalegea kwa sababu moja: bamba limepakwa rangi nene na shasi ina tope kavu. Vikibanwa, rangi na tope vinabonyea taratibu, na mkazo wa bolti unapotea. Sugua shasi kwa brashi ya waya pale bamba linapokaa, ondoa rangi nene upande wa ndani wa bamba, paka rangi nyembamba ya zinki pande zote mbili, iache ikauke kabisa, ndipo ufunge. Bolti ziwe na alama ya ugumu 8.8 kichwani na nati zenye nailoni. Bolti zisizo na alama zinarefuka kabla hazijabana vizuri. M10 ya 8.8 inatosha kukazwa kwa 45 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), M12 kwa 80 Nm. Usipokuwa na spana ya kupimia, spana ya sentimita 30 inahitaji nguvu ya kama kilo 15 mwishoni mwake kwa M10, kilo 27 kwa M12. Kaza tena baada ya kilomita 100, ambazo ni kama kutoka Goma kwenda mji wa Sake na kurudi mara mbili, kisha baada ya 500. Fundi asipokuambia urudi, rudi mwenyewe.

Yu-bolti zina hatari kuliko kelele. Kwenye ubavu wa ndani wa shasi kuna mirija ya breki na ya mafuta. Pitisha kidole nyuma ya kila yu-bolti kabla ya kukaza. Mrija ukiguswa, utasuguliwa mpaka utoboke. Na usikaze yu-bolti mpaka shasi ibonyee, maana ni bomba tupu.

Upande wa ekzosi acha milimita 25 au zaidi. Ukisikia mlio wa bati jembamba gari likiwa limesimama huku injini inaunguruma taratibu, si slaida inayolia. Ni kinga ya joto ya ekzosi iliyoguswa wakati wa kufunga. Mlio wa filimbi gari likishika mwendo unatoka kwenye ncha za bomba zilizoachwa wazi. Zifunikwe kwa kuchomelea kifuniko, na kila bomba liwe na tundu la milimita 6 sehemu ya chini kabisa ili maji yatoke.

Mbele, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili huku springi ikiwa imebonyea. Kati ya tairi na ncha ya bomba zibaki milimita 50. Waliopandisha ukubwa wa tairi wadai ncha ikatwe kwa mshazari kabla ya kufunikwa.

Usilipe zaidi kwa ajili ya rangi ya unga inayookwa. Mawe ya volkano ya Nyiragongo, ya mlipuko wa 2002 na wa 2021 sawasawa, ni makali na yana matundu. Hayaachi bomba liteleze, yanakwangua. Rangi ya kawaida ya brashi unaipaka upya mwenyewe.

Mwenye RAV4 asinunue seti hii. RAV4 haina shasi ya kutenganishwa na bodi, na mabamba haya hayana pa kushika.

Ukiagiza, omba miguu ishikizwe kwenye bomba kwa nukta chache tu, ifungwe kwenye gari lako, pengo lipimwe pande zote mbili, ndipo ishushwe na kuchomelewa kikamilifu ikiwa nje ya gari. Kama fundi atachomelea nukta hizo ikiwa bado garini, waya wa betri utolewe kwanza.