Mzigo umefika mzima, lakini poda yangu wameitia kidole

Nimekaa na hasira hii tangu kusi ianze kuvuma, na kila nikifungua kabati inapanda upya. Kampuni ya mabasi iliyoniletea mzigo siitaji, lakini ofisi yao iko Mwembe Tayari hapa Mombasa na wakisoma watajijua.

Mimi nakusanya vipodozi vya zamani vya wabunifu wakubwa, hasa vile vilivyotoka kwa msimu mmoja na havikurudi tena dukani. Sijipaki, navitunza. Bibi yangu pale Mji wa Kale alikuwa na kijaluba chake cha wanja ambacho hakuna mjukuu aliyethubutu kukigusa, na nadhani mapenzi haya yalianzia hapo.

Sasa kijaluba changu chenyewe, cha poda. Ni cha Yves Saint Laurent, rangi ya dhahabu, umbo la moyo, cha enzi ambazo bwana mwenyewe bado alikuwa anabuni nguo, kabla hajastaafu mwaka 2002. Nimekitafuta miaka. Aliyeniuzia ni dada mmoja wa Nairobi. Mamake alikuwa mhudumu wa ndege, akakinunua safarini, akakitia kwenye mfuko wake wa mahameli na hakukitumia mpaka Mungu alipomchukua. Pafu, kile kisponji cha kupakia, haijaguswa, na juu ya poda bado imelala ile plastiki nyembamba ya kiwandani. Anayekusanya anaelewa maana yake. Chuma kilichofifia husuguliwa kikang'aa, kioo kilichopasuka fundi anakibadilisha, lakini poda iliyoshindiliwa ikishaguswa mara moja, basi. Nilimtumia shilingi 14,000 kwa M-Pesa na sikusita.

Nilipofika kuchukua, msichana wa kaunta alikuwa ameshalifungua boksi. Hilo nalikubali. Watu wanapitisha mambo mengi kwenye mabasi ya usiku na wafanyakazi wana haki ya kukagua. Lakini alikuwa amekitoa kijaluba mfukoni, amekifungua, na mbele ya macho yangu akaibandua ile plastiki kwa ukucha. Nikasema, "Mwanangu, hapo usiguse!" Kidole kilikuwa kimeshazama. Akajipaka nyuma ya mkono, akanusa, akamgeukia mwenzake: "Hii ni ya zamani, isikie harufu." Kisha kwangu: "Mamangu, si ni poda tu? Imebaki nyingi."

Mkononi alikuwa na hina nzuri, maua yamepanda mpaka kwenye kiwiko, ya harusi kwa kuitazama. Nikamuuliza: hiyo ilipokuwa mbichi, angekuja mtu akaipitisha kidole kimoja tu, ungemwambia imebaki nyingi? Hakunijibu. Akanisogezea daftari nitie sahihi.

Mkubwa wao alikuja, akakifungua kijaluba, akakifunga. "Mama, kitu hakijavunjika wala hakijapotea. Tukulipe nini?" Akanirudishia nauli ya mzigo, shilingi 350, akazihesabu mezani moja moja mbele ya watu.

Hata hivyo nitasema haki, maana nimewatumia muda mrefu. Ni wao walioniletea Météorites za Guerlain, vile vitufe vya poda vya rangi mbalimbali vilivyoanza kutoka mwaka 1987. Aliyewahi kuvishika anajua vilivyo laini: boksi likianguka vibaya unapokea unga. Vyangu vilifika vyote vizima, na nilipoinua kifuniko harufu ya vayoleti ikanijia kama vimetengenezwa jana. Rangi za mdomo wameniletea pia, tena wakati wa kaskazi, joto ambalo hata lipstiki inatoa matone ya mafuta. Siku hiyo utingo alizitoa kwenye buti akazisafirisha chini ya kiti chake, bila mimi kumwomba. Mungu ambariki kijana yule. Kwa kubeba mizigo sina neno, ningewapa nyota nne.

Nyota nne? Hapana. Nikilikumbuka lile neno "tu" narudi sifuri. Mtu hajui tunavyohangaika na vitu hivi mji huu wenye unyevu wa bahari mpaka ndani ya kabati. Naomba majirani wasitupe vile vipakiti vidogo vya kunyonya maji vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Usiku wa mvua kubwa naamka kuangalia kama kuna ukungu umeanza. Yote hayo ili poda ibaki kama ilivyotoka kwa mwenyewe, halafu mtu anaitia kidole kujua inanukaje! Na alama ile haifutiki. Mafuta ya ngozi yakishaingia kwenye poda yanaigandisha, panabaki kipande kigumu kinachometa, ukipangusa unazidi kuharibu. Nimejaribu kukitazama kwa mwanga wa dirishani, kwa mwanga wa taa, na kila upande naona kidole cha yule msichana.

Dada wa Nairobi hakunificha: amepata kingine kwenye sanduku la mamake, rangi ya mdomo ya Dior ndani ya boksi lake. Akaniuliza aipeleke kituo cha basi kama kawaida. Nimemwambia aiache hapo hapo ilipo. Nikimaliza mambo ya shule za watoto nitapanda kwenda kuichukua, na kurudi nitaipakata mapajani ndani ya treni ya SGR mpaka stesheni ya Miritini.