Makasia ya maji tulivu au ya pwani: kijana wa Dar aanzie wapi?

Mbio za makasia za wanaume tulizozoea kuziona kwenye Olimpiki hufanyika kwenye maji yaliyotulia. Paris 2024 zilikuwa za mita 2,000, na Oliver Zeidler wa Ujerumani akachukua dhahabu ya mashua ya mtu mmoja. Mashua hiyo ni nyembamba, ina urefu wa takriban mita 8 na uzito usiopungua kilo 14. Wimbi dogo tu linaiyumbisha. Kwa Dar, ni vigumu kupata maji ya namna hiyo. Bandarini kuna meli na pantoni za Kigamboni.

Mbio za pwani ni habari nyingine kabisa. Mchezaji anakimbia mchangani, anarukia mashua, anapiga makasia mita 250 akipinda kwenye maboya, anageuza, anarudi moja kwa moja, kisha anaruka na kukimbia tena hadi mwisho. Mashua yake ni pana na nzito, kilo 35 kwenda juu, imeundwa kwa ajili ya mawimbi. Los Angeles 2028 ndiyo Olimpiki ya kwanza ya mbio hizi za pwani.

Mimi nachagua pwani, bila kusita. Kijana aliyekulia Msasani au Kigamboni anaijua kusi na kaskazi, anajua maji kujaa na kupwa. Kinachobaki kujifunza ni mkao: mwenye kafi kwenye mtumbwi hutazama aendako, ila mpiga makasia huipa njia mgongo, na boya hulitafuta kwa kugeuza shingo.