Bati la Kuezekea Tabora: Nunua kwa Kilo, Si kwa Jina la Geji

Ukiingia duka la hadwea hapa Tabora kuulizia bati, utaulizwa geji, yaani namba ya unene wa bati: 28, 30 au 32? Namba ikipanda bati linazidi kuwa jembamba, na wengi wanadhani ni kinyume. Mimi niliwahi kuuziwa "geji 30" iliyobonyea fundi alipokanyaga katikati ya papi mbili, yaani mbao zinazopigiliwa bati. Nikalipeleka bati moja kwenye mizani: kilo 5.1. Iliniuma, maana hela ilikuwa imeshaenda.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Mita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa kilo 7,850. Zidisha urefu kwa mita, upana kwa mita, unene kwa milimita, kisha zidisha kwa 7.85, jibu ni kilo. Upana ni ule wa bati likiwa bado bapa kwenye koili (roli la bati), kabla mashine haijalitia migongo. Upime kwa futi ya fundi cherehani, ukiilaza ipande na kushuka na kila mgongo. Kwa bati la mita 3 lenye upana bapa wa milimita 914, gawanya kilo kwa 21.5 upate unene. Lile langu lilikuwa milimita 0.24. Ni vizuri kupima mabati kumi pamoja kwenye mizani ya mazao.

Kwa nyumba ya kuishi naweka geji 28 mbele. Kwa kipimo cha Uingereza ni milimita 0.376, yaani kilo 8.1 kwa bati hilo. Bei yake inauma, lakini mji huu ni wa miembe, na embe likidondoka usiku juu ya bati jembamba huacha mbonyeo wa kudumu.

Ya pili ni geji 30: milimita 0.315, kilo 6.8. Kiwanja kisicho na mwembe, kenchi (fremu ya mbao ya paa) nzuri na papi zilizosogezwa karibu, inatosha kabisa.

Geji 32, milimita 0.274 na kilo 5.9, ni ya banda la kuku au jiko la nje.

Uliza pia zinki, maana ndiyo inayozuia kutu. Alama Z100 ni gramu 100 za zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa.

Kamati ya ujenzi inayoagiza koili nzima ipime kipenyo cha nje na cha tundu. Koili ya mita 1 kwa nje, tundu la milimita 508 na upana wa 914 ina uzito wa karibu tani 4.2. Ikiwa geji 30, inatoa mabati kama 616 ya mita 3. Mkiambiwa koili hiyohiyo inatoa 700, mnauziwa geji 32.